Karatasi Chini ya Godoro

Kwenye ukuta wa chumba cha walimu, juu ya birika la umeme, kuna tangazo la mkuu wa shule: KARATASI ILIYOKUNJWA ISIENDE NYUMBANI. Nyinyi walimu vijana mnaliona kila mnapochemsha chai. Siku ya kuniaga, mmoja wenu akaniuliza, "Hivi Ma'am Zaituni, hii ilitokana na nini?" Kabla sijafungua mdomo, wengine wakanijibia, na kila mmoja akaja na uongo wake. Mmoja eti nilimloga mwanafunzi. Mwingine eti nilibadili dini. Wa tatu eti mtoto alimeza karatasi. Nilikuwa na keki mdomoni, nikashindwa hata kuwafokea vizuri.

Basi nimestaafu. Nina kiti kibarazani hapa mtaani Bellevue, Johannesburg, nina muda, na nimechoka kusikia habari yangu ikisimuliwa vibaya na watu ambao hawakuwepo. Naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa sababu vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitaandika kazi.

Nilizaliwa Tanga, nikasomea ualimu wa hesabu na sanaa huko huko nyumbani, nikamfuata mume wangu Johannesburg. Siku yangu ya kwanza pale shuleni nilipanda ngazi nikiwa na mfuko wa vifaa: mikasi ya watoto, gundi, bikari za kuchorea duara. Mlinzi wa getini akaniomba mfuko, akaupekua, akamimina kila chenye ncha kwenye ndoo. Kumbe muhula uliopita mvulana alimchoma mwenzake kwa bikari wakigombania kiti, na tangu hapo hakuna chuma kinachopita getini. Nikamwambia mimi ni mwalimu. Akasema, "Eish, Ma'am, hata walimu." Nikaingia darasani mikono mitupu, mbele yangu watoto wa Kongo, wa Burundi, wa Zimbabwe, na Watanzania wachache, wote wakipiga kelele kwa Kiingereza na Kizulu. Ratiba inasema duara na pembe. Nikafundishie nini? Mate?

Aliyeniokoa ni Mam' Thandi. Hamkumkuta. Alikuwa mwalimu wa sanaa, mama wa Soweto, mnene, mkali, na sauti yake ilikuwa inasikika mpaka kwa wauza mboga kule chini. Alinikuta nimeketi na uso wa msiba. Akaokota karatasi iliyotupwa, imechanika ovyo pande zote, akaikunja mara moja popote pale, kisha akaukunja ule mkunjo ujilalie wenyewe. Akanisukumia. "Hiyo kona ni nini?"

"Pembe mraba," nikasema.

"Umetumia mkasi? Umetumia rula?"

"Hapana."

"Basi acha kununa, fundisha."

Kila ninachojua juu ya kukunja karatasi kimeanzia kwake. Mkunjo usisuguliwe kwa ukucha, kwa kuwa ukucha unararua. Tumia mgongo wa kijiko. Mtoto asiambiwe "kunja hapa". Aambiwe "peleka kona hii ikaione kona ile". Kubwa kuliko yote, mwalimu asimkunjie mtoto. Mam' Thandi alikuwa akinipita nikiwa nimeinamia dawati, ananipiga kofi la mgongo, "Mikono nyuma!" Nilikuwa mtu mzima, mke wa mtu, napigwa mbele ya wanafunzi. Lakini alikuwa na haki. Ukimkunjia mtoto, umejifunza wewe.

Tatizo lililonichosha miaka yote halikuwa watoto. Lilikuwa karatasi. Karatasi nyeupe za shule zilikaa kabatini kwa Bwana Sibanda, mkuu wetu, chini ya kufuli, na ukiomba rundo moja anakutazama kana kwamba umeomba figo yake. "Za mitihani, Ma'am Zaituni." Mitihani ikija, karatasi hazitoshi pia. Nikaacha kuomba, nikatazama mtaani.

Mnajua pale kwenye robot, taa zikiwa nyekundu, vijana wanavyogawa vipeperushi. Vya waganga. Daktari fulani kutoka sijui wapi: anarudisha mpenzi aliyeondoka, anavuta wateja, anaondoa mikosi, anashinda kesi. Vya njano, vya waridi, vya kijani, upande mmoja una maandishi, wa pili mweupe kabisa. Watu wanavitupa hapo hapo, na upepo unavikusanya ukutani. Karatasi nyepesi, inakunjika vizuri, ya bure. Nilimwambia kijana mmoja wa pale kuwa mimi ni mwalimu, akanipa bunda zima, akashukuru kwa kupunguziwa kazi. Tangu hapo darasa langu halikukosa karatasi. Watoto walicheka wiki ya kwanza. "Ma'am, huyu daktari anarefusha watu!" Wiki ya pili walishazoea, wakawa wanagombania rangi.

Msidhani wazazi walifurahi. Baba mmoja wa Kitanzania alikuja kunieleza kwa adabu kwamba kijana wake asitengeneze ndege wala chura, maana kuumba viumbe si kazi yetu. Sawa, tukaacha ndege na chura. Mama mmoja wa Kikongo akaja kusema analeta mtoto asome, siyo acheze. Nikamweleza kwamba mtoto wake ametoka kugawa pembe katika nusu mbili sawasawa bila kifaa chochote. Akaniuliza, "Na daftari iko wapi?" Daftari! Wazazi wetu wanataka daftari lijae. Kilichojaa kichwani hawana habari nacho, kwa kuwa hakionekani wakifungua begi.

Sasa niwaambie habari ya Sifa, kwa sababu ndiyo iliyoleta lile tangazo.

Sifa alikuja kwangu darasa la sita. Mama yake, Maman Sifa, ni mtu wa Bukavu, alikuwa akisuka nywele hapa Hillbrow, na wawili hao walikuwa wamepanga chumba mtaa wa La Rochelle, kitanda kimoja, godoro moja. Mwalimu aliyemtangulia alinikabidhi mtoto huyu kwa sentensi moja: "Huyo hesabu haziingii." Na kweli, ukimwandikia namba ubaoni alikuwa analia kimya kimya, machozi yanadondoka kwenye dawati, huku anajifanya anatafuta kifutio. Mpe karatasi sasa. Mikunjo yake ilikutana mpaka unapitisha kidole huoni kiungo. Kwa mara ya kwanza alianza kunyoosha mkono darasani.

Siku moja niliwafundisha pembetatu. Mnaichana kutoka kwenye karatasi, mnaweka alama kwenye pembe zote tatu, mnaulaza upande mrefu chini. Mnateremsha kona ya juu mpaka iguse upande huo, kisha mnaleta kona mbili zilizobaki zikutane nayo. Pembe tatu zinajipanga pamoja na kufanya mstari ulionyooka. Hakuna kipimapembe, hakuna kukariri. Darasa likasema "Yoh!" kama kawaida yao. Sifa akanyoosha mkono. "Ma'am, na pembetatu ikiwa mbaya?"

"Mbaya vipi?"

"Imepinda. Upande mmoja mrefu, mwingine kidogo. Mbaya kabisa. Zitakaa tu kwenye mstari?"

Jamani. Kuna walimu wamefundisha mpaka wamestaafu bila kuulizwa swali hilo. Huyu ndiye ambaye hesabu haziingii! Nilifurahi mpaka nikafuta kazi ya nyumbani niliyokuwa nimeandika ubaoni. Nikasema: kila mmoja achukue kipeperushi, aende nyumbani achane pembetatu mbaya kuliko zote duniani. Aandike jina lake ndani. Pembe aziwekee herufi za Kigiriki, kama vitabu vinavyofanya. Azikunje zote tatu, na usiku ailaze karatasi chini ya godoro ili mkunjo ukae. Kesho tutaona.

Kesho yake wote walikuja na karatasi zao, isipokuwa Sifa. Siku iliyofuata hakuja tena, na ya tatu hivyo hivyo. Siku ya tatu hiyo, Ijumaa, Gloire alibaki nyuma wenzake walipotoka. Gloire ni binti wa Mchungaji Célestin, ambaye kanisa lake ndilo anakosali Maman Sifa. Alizungumza akiangalia viatu vyake. "Ma'am, Sifa anafunga. Hali kitu. Mama yake amekuta dawa chini ya godoro. Jumapili watamsimamisha mbele."

Nikamwuliza, "Dawa gani?"

"Ile triangle, Ma'am."

Nikakaa chini. Hebu tazameni wenyewe, kwa macho ya mtu ambaye hakuwepo darasani. Mama amechoka, kichwa kinamuuma, ananyanyua godoro atandike. Anakuta kikaratasi kimekunjwa kikajifunga, mithili ya hirizi. Anakitazama: tangazo la mganga. Anakifungua: jina la mwanawe, na alama ambazo hajapata kuziona maishani. Hata mimi ningepiga kelele.

Lakini mtoto! Akishasimamishwa mbele ya watu akatajwa mchawi, jina hilo halimtoki tena. Litamfuata La Rochelle, litamfuata Hillbrow, mama atakuwa analala akimwogopa mwanawe mwenyewe. Nimewaona watoto waliotajwa hivyo wakaishia kulala kwa majirani, halafu mtaani. Na huyu kosa lake ni kuuliza swali zuri.

Nilikwenda kwa Bwana Sibanda. Alinisikiliza huku anapanga kalamu zake. Akasema, "Hayo ni mambo ya imani za watu, Ma'am. Sisi ni shule."

"Mtoto hali, Bwana Sibanda!"

"Tutaandika barua Jumatatu."

"Wanamsimamisha Jumapili!"

Akasema nisipandishe sauti ofisini. Barua hiyo haijaandikwa mpaka leo; Jumatatu kilichotoka ofisini kwake ni lile tangazo la juu ya birika. Kwa kweli nilitoka pale nikiwa nimeyauma meno mpaka taya zinauma. Mkiona mtu anapanga kalamu mnapomletea shida ya mtoto, msipoteze muda, ondokeni mkatafute njia nyingine.

Jumamosi mchana nikaenda La Rochelle mwenyewe, nimebeba vipeperushi na kijiko. Maman Sifa alifungua mlango, akanikaribisha bila kunipa mkono. Ndani alikuwepo Mchungaji Célestin, mtu mpole, mrefu, siku za kazi ni mlinzi wa jengo huko mjini. Na akina mama wawili wa maombi. Sifa alikuwa ameketi ukutani juu ya kreti ya soda, midomo imekauka. Hakuinua macho. Kwenye jiko kulikuwa na sufuria imefunikwa, harufu ya sombe, kisamvu chao, imejaa chumba kizima, na mtoto ameketishwa hapo hapo akiinusa. Nilihisi hasira mpaka masikio yakawa moto.

Nikasalimia. Nikauliza mtoto anaendeleaje.

"Mutoto iko na kazi ya maombi," Maman Sifa akasema. Akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akakitoa kile kikaratasi kabatini, akakiweka mezani. "Mwalimu, hii nilikuta chini ya godoro yangu. Kichwa ilikuwa inaniuma juma yote. Natazama, naona tangazo ya mulozi. Nafungua, naona jina ya mutoto wangu. Na hizi." Akaelekeza kidole kwenye zile herufi bila kuzigusa. "Hizi ni za nani?"

"Za Wagiriki."

"Wagiriki wanatafuta nini kwa nyumba yangu?"

Siku nyingine ningecheka. Nikaanza kueleza: pembetatu, mstari, kazi ya nyumbani. Nikachana kipeperushi, nikakunja mbele yao, nikasugua kwa kijiko, nikafungua, nikakunja tena. Hakuna aliyesogea karibu. Nilivyozidi kukunja ndivyo akina mama walivyozidi kurudisha viti nyuma. Nimefundisha madarasa magumu, lakini darasa lile, Mungu anisamehe, lilinishinda.

Mchungaji akasema taratibu, "Mwalimu, sisi tunakuheshimu. Kwenu ni wapi?"

"Tanga."

Akina mama wakatazamana. Mmoja akavuta pumzi, "Tanga!"

Loo! Utani wa Watanzania kwamba Tanga ni nyumbani kwa wachawi, umevuka nchi ngapi kuja kukaa chumbani La Rochelle? Mimi Tanga nimeacha baiskeli na machungwa. Mchawi sijapata kumwona hata wa dawa. Lakini ukianza kujitetea kwa jambo hilo, unaonekana ndiye.

Nikamgeukia Mchungaji. "Hii ni kazi ya nyumbani. Niliwapa darasa zima. Kama hutaki kuniamini, mpigie mkeo simu, anyanyue godoro la Gloire. Binti yako ni mwanafunzi wangu. Aliniletea yake siku iliyofuata, nikaiona, nikamwambia airudishe pale pale mkunjo uzidi kukaa."

Mchungaji akapiga simu, sauti akaifungulia. Tukamsikia mkewe anavuta kitanda, anaguna. Halafu: "Baba Gloire... iko hapa. Ya kijani. Iko na jina ya Gloire ndani. Yesu wangu."

Nikajua nimeshinda, yamekwisha, mtoto atapewa chakula nami nitawahi kurudi Bellevue kusahihisha madaftari. Mchungaji akakata simu. Akaweka mikono magotini, mtu anayefikiri kwa uaminifu kabisa.

"Kumbe si mutoto," akasema.

"Si mtoto!" nikasema. "Ndicho ninachowaambia tangu nimeingia!"

"Watoto wote wanayo."

"Wote!"

"Basi ni wewe."

Nilitaka kupiga meza. Nilitaka kupiga kelele wasikie mpaka Rosettenville. Nimefundisha watu kufikiri hatua kwa hatua maisha yangu yote, na mtu huyu amefikiri hatua kwa hatua, hakuruka hata moja, akafika kwangu! Maneno yakanijaa mdomoni. Nikamtazama Sifa. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameinua macho, ananitazama mimi, na uso wake una hofu. Hakuwa ananiogopa mimi. Anahofia nitakataa.

Alikuwa ameelewa kabla yangu. Jambo lile lilishaingia chumbani, na lilikuwa lazima likae juu ya mtu. Nikilitoa kwangu, linarudi kwenye kreti ya soda. Ningeweza kueleza mpaka jua lizame, na kesho ni Jumapili.

"Sawa," nikasema. "Karatasi ni yangu. Nilizitoa mtaani mimi. Kuandika jina ndani, nilisema mimi. Alama zile nilizifundisha mimi. Kuweka chini ya godoro, niliagiza mimi. Mtoto alifanya alichoambiwa na mwalimu wake." Hata neno moja la uongo halikuwemo, na hilo liliniudhi kuliko yote.

Maman Sifa akashika kifua. "Basi mutoto wangu hana kitu?"

"Hana. Lakini sitaki nilitamke mimi peke yangu. Mchungaji, litamke wewe, hapa. Na kesho ulitamke kanisani, kila mtu asikie."

Mchungaji akasimama, akaweka mkono kichwani kwa Sifa. "Mutoto huyu hana kitu. Kesho nitasema mbele ya wote." Kisha akanigeukia kwa upole ule ule uliokuwa unanitia wazimu. "Na wewe, Mwalimu, hatuwezi kukuacha uende hivi. Tutakuombea."

"Mimi Mwislamu, Mchungaji."

"Mungu anajua."

"Niombeeni basi. Ila mtoto ale. Sasa hivi, siyo mkimaliza."

Wakaniwekea kiti cha plastiki katikati ya chumba. Nikaketi na mkoba wangu mapajani. Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, wakaanza: Mchungaji kwa Kifaransa, mama mmoja kwa Kiswahili, wa pili kwa lugha ya kwao, wote kwa pamoja, wote kwa nguvu. Ushungi ukanishuka machoni. Mama wa Kiswahili alikuwa anaamuru vya Tanga virudi Tanga, nami nikawa nasoma dua zangu kimoyomoyo, na katikati ya dua namsema Bwana Sibanda na kabati lake.

Sauti zilipopanda zaidi nikafumbua jicho moja, chini ya ushungi. Maman Sifa alikuwa amepiga magoti mbele ya kreti, bakuli mikononi, anamega bugali na kumlisha binti yake tonge baada ya tonge, kama mtoto mchanga, huku anamfuta kidevu kwa kiganja. Sifa alikuwa anatafuna haraka haraka.

Nikalifumba lile jicho, nikawaacha waendelee.